Goti Lisilovutwa

Machi 3

Goti: saba.

Hospitali wamenipa daftari hili niandike namba moja kila siku, kiasi cha maumivu, kuanzia sifuri mpaka kumi. Ukurasa mzima kwa namba moja! Hasara hiyo siitaki. Nitajaza na mengine, maana nyumba hii haina mtu wa kunisikiliza mpaka nifike mwisho wa sentensi.

Daktari amenieleza tena leo, na safari hii nimemwelewa. Ncha za mifupa ya goti zimefunikwa na gegedu, kile kitu cheupe kinachoteleza unachokiona ukivunja mguu wa kuku. La goti langu la kulia limetoboka, tundu upana wa kifuniko cha soda. Na gegedu halina damu, likiisha limeisha, halioti lenyewe. Basi watanitia jeli. Karibu yote ni maji, ila yameshikwa na nyuzi laini sana, na ndani yake mna chembe za chuma ndogo kuliko vumbi. Itawekwa sumaku nje ya goti iivute jeli ikae tunduni mpaka igande. Nikirudi nyumbani nitavaa mkanda wenye sumaku ya umeme, asubuhi na jioni, uzitikise zile chembe polepole. Seli za gotini zikitikiswa zinadhani natembea, zinaanza kujenga gegedu jipya.

"Yaani goti linadanganywa kwamba liko kazini," nikasema, "kumbe mwenyewe nimekaa."

"Mama, njoo unisaidie kufundisha," akasema Daktari, akacheka. Ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa pili. Mikono yake haina hata kovu moja. Sijui kama hilo ni jema au baya.

Kuna jambo moja sikulipenda. Huu ni utafiti. Nusu yetu tutatiwa jeli yenye chuma, nusu jeli hiyohiyo isiyo na chuma, na mkanda tutavaa wote. Nani kapata ipi anajua mpasuaji peke yake. Daktari anayenifuatilia hajui na haruhusiwi kuuliza, mpaka utafiti uishe.

Tangu nianze biashara sijanunua mzigo uliofunikwa. Nimetia sahihi shingo upande.

Machi 5

Goti: sijui, ganzi haijaisha. Nimelazwa. Mama wa kitanda cha jirani anakoroma kama jenereta.

Machi 9

Goti: sita.

Niko nyumbani kwa binti yangu, mguu juu ya mto, magongo mawili ukutani. Amri ni hizi: nisikanyagie mguu huu mpaka niambiwe, mkanda asubuhi na jioni, na nisikaribie sumaku yoyote yenye nguvu. Daktari aliisema hiyo ya tatu akiangalia shingoni kwangu.

"Hiyo nayo, mama."

Kila mtu anayeuza vyuma chakavu mjini hapa ananiita Mama Sumaku. Nina kipande cha sumaku ya spika, upana wa sarafu, nimekitoboa na kukivaa kwa kamba. Mtu akileta mzigo wake anaapa ni shaba tupu, mimi sibishani naye. Nautegeshea sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi, arudi nacho alikotoka. Isiponasa, tunazungumza. Watu wanasema uongo, makaratasi yanasema uongo, mizani inachezewa. Sumaku haina ndugu wala rafiki.

Ndivyo nilivyoanza. Nilikuwa naburuta sumaku kwa kamba kwenye viwanja vya ujenzi jioni, mafundi wakishaondoka, naokota misumari waliyoangusha. Kaka zangu walinicheka, wakasema dada yetu anatembeza mbwa wa chuma. Misumari ile ndiyo iliyomsomesha binti yangu. Kaka zangu hadi leo wanakuja kuniomba nauli.

Sumaku imebaki ofisini, kwenye msumari juu ya meza. Shingo inajisikia uchi.

Machi 12

Goti: sita. Mvua imeanza kweli.

Machi 15

Goti: sita.

Nimekwenda kwenye kiwanja changu cha vyuma chakavu, kwa magongo. Binti yangu alinuna, lakini alinipeleka. Mtu huwezi kukaa ndani unasikiliza mvua ikipiga bati huku unajua chuma chako kinalowa.

Mkwe yuko mizanini. Niandike ukweli wangu kuhusu huyu mkwe. Alimwoa binti yangu akiwa karani wa bohari, bohari ikafungwa, nikampa kazi kwa sababu mjukuu wangu hawezi kula hewa. Mpole, hagombi, hanywi. Ila ana ugonjwa mmoja: tupa. Kila kinachopita mbele yake lazima akikwangue kwa tupa aone ndani mna nini. Bomba, anakwangua. Kitasa, anakwangua. Ungempa kijiko cha supu angekikwangua. Anasema si kila kisichonasa sumaku ni shaba.

Leo foleni ilifika barabarani, watu wamejifunika mifuko ya nailoni, na yeye anakwangua bomba za maji moja moja.

"Mkwe," nikasema, "watu wanalowa. Tia sumaku, mwache mtu aende zake."

"Namalizia, mama."

"Ukimaliza nitakuwa nimeshazikwa."

Foleni nzima ikacheka. Cheche, anayetukatia vyuma kwa gesi, aliinua miwani yake ya kukatia akapaza sauti kutoka kule kwenye lundo: "Bosi, rudi haraka! Huyu anatukwangua hadi sisi!"

Mkwe hakucheka wala hakukasirika. Aliipuliza tupa yake vumbi likatoka, akaendelea.

Mtu asiyekasirika namwogopa kidogo.

Machi 19

Goti: tano! Mvua.

Machi 20

Goti: sita. Nilifurahi mapema.

Machi 24

Goti: sita.

Kiti changu kimehamishwa. Nimekikuta nyuma ya ofisi, chini ya paa, pakavu, na mto juu yake. Pazuri sana, ila ukikaa pale huoni mizani. Kiti changu kimekaa kando ya mizani tangu kiwanja kilipokuwa na uzio wa magunia.

"Nani kagusa kiti changu?"

Cheche akawasha gesi ghafla, akawa na kazi nyingi. Mkwe akaja mwenyewe.

"Mimi, mama. Kule mvua inakupiga."

"Mvua nimeanza kupigwa nayo kabla hujaota meno. Sema linalokusumbua."

Nilidhani atameza mate aondoke. Hakuondoka.

"Basi nitasema. Nataka ukae. Mwaka jana ulidondoka kutoka juu ya lundo na injini ikakuangukia pembeni. Pembeni, mama, kiasi cha mkono. Mke wangu hakulala wiki. Lundo hili nitapanda mimi, na Cheche, na vijana. Wewe ukae utuambie tufanye nini."

"Nikae kama pambo."

"Ukae kama mwenye mali."

Nikarudisha kiti mwenyewe, nikikisukuma kwa gongo, kwenye matope, wote wakinitazama. Hakuna aliyethubutu kunisaidia. Kilichukua muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Naandika hapa: huyu anataka kiwanja. Anakitaka kwa adabu, lakini anakitaka.

Machi 28

Goti: sita.

Kliniki. Kwenye benchi nimekaa na mwalimu wa michezo wa shule fulani, kijana wa kiume, mrefu, goti la kushoto. Tulipasuliwa siku moja, yeye kabla yangu. Tundu lake, anasema, lilikuwa kubwa kuliko langu.

"Namba yako ngapi leo, mama?"

"Sita. Yako?"

"Mbili. Juzi ilikuwa moja, nikadhani nimekosea kuandika."

Alipoitwa akainuka, aliegemea gongo moja tu, tena kama mtu aliyebeba mwavuli.

Mimi sikwenda shule sana lakini hesabu naijua. Jeli mbili, moja yenye chuma, moja tupu. Magoti mawili, siku moja, chumba kimoja. Moja linashuka mpaka mbili, jingine limekwama sita. Nani kati yetu kapewa maji?

Nikamuuliza Daktari waziwazi. Akaweka kalamu chini.

"Sijui, mama. Nakuapia. Na hata ningejua, namba peke yake haisemi kitu. Umri wenu tofauti, uzito tofauti, kazi tofauti. Mengine yanachelewa."

"Kwa hiyo niendelee kuvaa mkanda wa kutikisa kitu ambacho labda hakimo."

"Naendelea kukuomba uvae, ndiyo."

Ana macho ya mtu mkweli. Lakini nimenunua radieta nyingi mbovu kutoka kwa watu wenye macho ya namna hiyo.

Aprili 1

Goti: sita. Mvua.

Aprili 2

Goti: sita. Mvua.

Aprili 4

Goti: sita. Mvua. Mjukuu kaniuliza kwa nini mkanda unanguruma. Nimemwambia una njaa.

Aprili 6

Goti: sita. Asiseme mtu kwamba sina subira. Nilisubiri kiwanja, nilisubiri kibali, nilisubiri mume apone na hakupona. Najua kusubiri kunavyokuwa pakiwa na kitu mbele. Hapa sijui kama kitu kipo.

Aprili 8

Goti: sita.

Nimefanya jambo.

Mchana Mkwe alikuwa nje na lori la wateja, ofisi tupu. Nikaitazama sumaku yangu pale kwenye msumari. Nikajiambia, sikuambiwa niikimbie kama chui, niliambiwa nisiikaribie. Nikaitungua. Nikakaa, nikanyoosha mguu kwenye kiti, nikaikamata kamba kwa vidole viwili, sumaku ikaning'inia juu ya goti. Nikaiacha itulie.

Kwenye kichwa cha msumari sumaku hiyo inapinda njia kabla haijafika, unauona uzi unajivuta wenyewe. Kwenye goti langu ilining'inia wima kama mtu aliyekufa.

Nikaisogeza pembeni, juu, chini, pale pale penye kovu. Wima.

Haivutwi.

Nimeirudisha kwenye msumari.

Aprili 9

Goti: sita.

Sikulala vizuri, nikajiambia kipande kile ni kidogo, nisimhukumu mtu kwa ushahidi mdogo. Kwenye rafu tuna spika kubwa ya ukumbini, sumaku yake sawa na sahani ya chai, ukiinatisha kwenye lango inataka watu wawili kuibandua. Nimeitoa. Nimeifunga juu ya goti kwa kitambaa cha kichwa, nikasubiri nihisi chochote. Mvuto, mwasho, joto, chochote. Nilikaa mpaka mvua ikakatika na kuanza tena. Hakuna.

Mkwe akaingia bila kubisha.

Akaiona sumaku. Akaniangalia usoni. Akafunga mlango nyuma yake.

"Mama. Hiyo si ndiyo waliyokataza?"

"Walikataza kwa mwenye chuma ndani. Mimi sina. Nimepima."

"Umepima."

"Mara mbili. Nimepewa maji, Mkwe. Mwezi huu wote nimekaa nimeatamia maji."

Akapiga magoti sakafuni, yeye ana magoti mazima, akaifungua ile sumaku taratibu kama anafungua bandeji.

"Nimwambie mke wangu?"

"Ukimwambia, tafuta bohari nyingine."

Akainuka. Akairudisha spika kwenye rafu. "Sitamwambia yeye," akasema.

Aprili 10

Mkanda nimeuweka kabatini. Namba siandiki.

Aprili 14

Naandika nikiwa nimelala, kalamu inakataa.

Asubuhi mvua ilikatika kidogo. Nilikuwa nimeacha gongo moja tangu juzi na goti halikusema kitu, jambo lililozidi kunihakikishia kwamba hakuna cha kulinda humo ndani. Nimekaa kando ya mizani, naona juu ya lundo la chuma, kule kileleni, radieta mbili. Radieta za shaba! Zimetupwa kwenye chuma kama makopo. Mtu mpya aliyeajiriwa wiki hii hajui tofauti, na Mkwe yuko anakwangua mabomba yake.

Nikaita. Gesi inanguruma, hakuna aliyesikia. Nikaita tena.

Basi nikapanda.

Lundo hilo nalijua kuliko ngazi za nyumbani. Unakanyaga mhimili, unashika fremu, unakanyaga rimu. Nilipanda vizuri. Na nitasema jambo ambalo Daktari hatalisoma: nilifurahi. Upepo, harufu ya chuma kilicholowa, paa za watu chini yangu. Nikachomoa radieta ya kwanza nikaitupa chini, ya pili nikaitupa chini. Mlio wake tu unajua ni shaba.

"Bosi!" Cheche kazima gesi. "Bosi, simama hapo hapo, usi..."

"Nani kaziweka huku? Nani?"

Nikageuka kushuka. Rimu ilikuwa na matope. Sikuanguka, niliwahi kushika, lakini uzito wote ulishukia mguu wa kulia na goti likajipinda likiwa limekunjwa nusu. Ndani yake kitu kilikwama. Kama bawaba iliyoingiwa na jiwe. Halikunjuki, halikunjiki.

Sijawahi kupiga kelele mbele ya wafanyakazi wangu. Leo nimepiga.

Mkwe ndiye aliyepanda. Alinibeba mgongoni kama mtoto, anatafuta pa kukanyaga kwa kidole cha mguu, viatu kavua ili asiteleze, vyuma vinamchana nyayo. Nilihesabu pumzi zake ili nisifikirie goti. Chini, Cheche alikuwa amenyoosha mikono yake yote miwili juu kana kwamba angeweza kutudaka.

Radieta zilikuwa za shaba. Liandikwe hilo.

Aprili 15

Hospitali.

Daktari aliligusa goti, akauliza limekuwaje. Nikamwambia niliteleza bafuni.

Binti yangu alikuwa amekaa upande huu, macho yamevimba. Mkwe amesimama mlangoni, miguu imefungwa bandeji.

"Bafuni," akasema Daktari, akaandika. "Na mkanda ulikuwa unavaa?"

"Asubuhi na jioni."

"Basi naogopa mwili umeikataa jeli. Imejibandua yenyewe. Hiyo ikitokea tunaikwangua yote, tunasafisha, tunafunga. Siwezi kuacha kitu ambacho mwili haukitaki."

"Kwangueni," nikasema. "Ni maji tu."

"Hakuteleza bafuni," akasema Mkwe.

Nikamgeukia. Nilimtazama jinsi ninavyowatazama wezi wa nyaya.

"Mkwe."

"Alipanda lundo, daktari. Mkanda hajavaa tangu tarehe kumi. Na tarehe tisa alijifunga sumaku ya spika kubwa hapo gotini, muda mrefu, sijui mrefu kiasi gani, niliingia nikaikuta. Alisema anapima."

Binti yangu alimgeukia mumewe. Nami nilikuwa natafuta neno la kumfukuzia mtu huyu kazini, nyumbani, kwenye ukoo. Sikulipata haraka ya kutosha, kwa sababu Daktari alikuwa amelitupa daftari lake kitandani.

"Mama, ulikuwa unapima nini?"

"Kama kuna chuma. Haikuvutwa. Ndogo haikuvutwa, kubwa haikuvutwa."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilitegemea anipigie kelele. Aliongea chini chini, ikawa mbaya zaidi.

"Ukimpa mtu jeli yenye chuma, chuma chote kilichomo hakifikii kichwa cha pini. Kimesagwa, kimetawanywa kwenye jeli nzima, kimefunikwa na ngozi na nyama. Kamba yako haiwezi kukionyesha. Mkono wako hauwezi kukihisi. Lakini jeli ni laini, mama. Jeli inahisi."

Nikaliangalia goti langu.

"Sijui hata sasa kama kimo," akasema. "Ila kama kimo, sumaku ile iliinyanyua jeli ukingoni, halafu ukapanda lundo juu ya ukingo ulionyanyuka. Hiyo si kukataliwa. Hiyo ni kuvunjwa. Kilichobaki kinaweza kuwa kimeshika." Akamtazama Mkwe. "Nilikuwa nakaribia kukitoa chote."

Kesho wanaingiza kamera.

Aprili 16

Walinitia sindano ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho. Nikaomba wageuze kioo cha kamera nione. Mpasuaji alisita. Daktari akamwambia, "Mwonyeshe. Huyu asipoona mwenyewe haamini."

Ndani ya goti ni kweupe. Sikutegemea. Kweupe na kupana na kunang'aa, kama chumba kipya ambacho hakijaingizwa vitu. Kamera ikapita, ikageuka, ikafika penye tundu.

Kahawia.

Kipande cha kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kimejaa tunduni, na kwenye ukingo mmoja kimenyanyuka na kuchanika, kinapepea kwenye maji kama gome. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Nimeishi na rangi hiyo miaka yangu yote, iko kwenye kucha zangu, iko kwenye mashuka yangu, haitoki kwa sabuni. Kutu. Chuma.

"Kimo," nikasema.

"Kimo," akasema Daktari nyuma ya barakoa yake. Ndiyo kwanza na yeye anajua.

Walikata kile kilichochanika. Kilichobaki mpasuaji alikisukuma kwa kijiti, pole pole, kila upande, na kila upande kilikaa imara. Pembeni palipolegea waliweka sumaku yao nje ya goti, nikaona kwa macho yangu ukingo ule wa kahawia unajilaza chini wenyewe, bila kuguswa, kama paka anayeambiwa alale.

Kwa hiyo kinavutwa.

Nililia kidogo. Nilisingizia taa.

Aprili 18

Goti: saba.

Daktari ameniambia la mwisho. Kwa kuwa sasa imejulikana nimetiwa ipi, na kwa kuwa nimeharibu masharti, namba zangu zinatolewa kwenye hesabu ya utafiti. Atanitibu vilevile, mkanda nitavaa vilevile. Ila sitahesabiwa.

"Zote? Hata za Machi?"

"Hata za Machi, mama."

Nimeulizwa kama nataka kuendelea kuandika. Nimesema nitaandika.

Aprili 22

Goti: sita. Mvua. Mkwe hajaingia chumbani kwangu kuniona. Anachechemea bado, anasema binti yangu. Sikumtumia salamu.

Aprili 27

Goti: tano. Mkanda asubuhi, mkanda jioni.

Mei 1

Goti: tano. Mwalimu wa michezo nimekutana naye kliniki. Namba yake imepanda, iko tano. Alicheza mpira. Tumetazamana kama wezi wawili kituoni.

Mei 6

Goti: nne.

Nimemwita Mkwe. Alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni na kofia mkononi, nyayo zimepona. Nikamwambia akae. Akakaa pembeni kabisa ya kiti.

"Ulisema hutamwambia mke wako."

"Sikumwambia. Nilimwambia daktari."

"Ulijua nitakufukuza."

"Nilijua."

"Na ukasema."

Akaangalia mikono yake. "Mama, alikuwa anataka kukwangua kitu ambacho hajajua ni nini."

Nilimwambia kesho afungue kiwanja mapema, kuna lori la alumini linakuja. Akasema sawa. Alipofika mlangoni nikamwambia kiti changu akiweke anapoona panafaa, mradi nione mizani.

Mei 13

Goti: nne. Mvua nusu siku.

Mei 20

Goti: tatu.

Wamepima. Daktari kaniruhusu kukanyaga, mguu mzima, bila magongo, sakafuni kwake mwenyewe huku ananishika kiwiko. Kisha akanikalisha, akanipa hesabu, maana anajua nataka hesabu.

Thuluthi mbili za tundu zimeziba na zinageuka gegedu. Thuluthi moja imekwenda, ndiyo ile iliyochanika. Nitatembea. Nitasimama mizanini. Ngazi kwa uangalifu. Lundo, kamwe.

"Isingechanika ningepanda?"

Aliniambia ukweli, na ndiyo maana sasa namwita Daktari kwa moyo mmoja. "Labda, mama. Labda ungepanda."

Nimewahi kudai haki yangu kwa watu wengi: kwa kaka zangu, kwa madalali, kwa watu wa kibali. Hii thuluthi nimeigeuza kila upande natafuta wa kumdai. Sijampata.

Mei 30

Goti: mbili.

Jua. Matope ya kiwanjani yamekauka yakawa na nyufa. Kiti changu kipo kando ya mizani, Mkwe amekiinua juu ya jukwaa dogo la mbao, na juu yake bati. Naona mizani, naona lango, naona lundo mpaka kileleni. Cheche anasema sasa nimekuwa refa.

Sumaku Daktari ameniruhusu, mradi iishie kiunoni isishuke chini. Nimeivaa kwa kamba fupi.

Alikuja mwanamume mmoja na gunia la mabomba ya bafuni. Yanang'aa, mazito, mazuri. Alimpita Mkwe moja kwa moja, akanijia mimi, na tabasamu.

"Mama Sumaku, leo nimekuletea shaba ya kweli. Tia sumaku yako uone."

Nikachukua bomba moja. Nikatia sumaku. Ikaning'inia wima. La pili, wima. La tatu.

"Si unaona?" akasema, ameshalifunga gunia kulipeleka mizanini. "Haivutwi. Mwisho wa maneno."

Zamani ungekuwa mwisho wa maneno. Nililigeuza lile bomba mkononi, zito, jeupe kwa ung'avu, halina alama. Nikamnyooshea Mkwe mkono bila kumwangalia.

"Lete tupa."